Madam wa Kwanza na Watoto wa Kuazima

Wanawake wajawazito wa pande zetu za Khayega walikuwa wakimwona Madam wa Kwanza kwa mbali, wanavuka barabara. Si kwamba walimchukia. Walijua tu kwamba akiwafikia ataweka mkono tumboni mwao bila kuomba ruhusa, atainama kidogo na kuliambia tumbo, "Wewe ni wangu. Usinipotelee." Mama mtu akijaribu kucheka ili yaishe, ataulizwa papo hapo, "Huyu atasoma wapi?" Jibu lililokubalika lilikuwa moja, na Madam hakuondoka bila kulipata. Nimemwona kwa macho yangu mwanamke wa miezi saba akiahidi mbele ya muuza nyanya kwamba mtoto wake ataanza masomo kwetu. Miaka sita baadaye nilimwona akimleta kwa mkono, amenuna, lakini amemleta.

Tulimwita Madam wa Kwanza kwa sababu alifundisha darasa la kwanza miaka nenda miaka rudi, tangu likiitwa Standadi Wani hadi likabadilishwa jina likawa Gredi Wani. Walimu wakuu walikuja na kuhamishwa, mitaala ikaja na kupinduliwa, naye alikuwa katika chumba kile kile cha mwisho, karibu na jiko la uji. Hapakuwa na mtoto shuleni ambaye hakupitia mikononi mwake. Mimi nilifika kutoka Lumakanda nikiwa bado nanukia chuo, nikapewa Gredi ya Tatu, chumba kilichopakana na chake. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao, na kwa miaka minane watoto wangu walijifunza kusoma mara mbili, mara moja kwangu na mara nyingine kwa sauti yake ikipenya.

Sauti ile ilikuwa mbaya, na ninasema hivyo kwa upendo. Hakuweza kuimba hata kidogo. Lakini aliamini kwamba mtoto asiyeimba hawezi kusoma, kwa hiyo aliwaimbisha kila asubuhi kwa noti yake mwenyewe ambayo haikuwa juu wala chini. Ukipita sokoni ukasikia mtu mzima anaimba wimbo wa alfabeti akiwa amepotea njia namna fulani, ujue huyo ni wetu.

Alivaa gambuti, viatu virefu vya mpira, mvua inyeshe isinyeshe. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na chaki, njugu karanga, sindano na uzi. Mikono yake haikujua kutulia, hivyo mtoto akisimama kumsomea, yeye alikuwa akimshonea kifungo cha shati. Wapo waliokwama katikati ya sentensi kwa kuogopa sindano. "Soma," angesema, "sindano inajua inakoenda. Wewe ndiye hujui." Mtoto anasoma, kifungo kinakaza.

Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, wa wale wanaosali kimya, anakaa kwenye benchi la mbele macho yamefungwa na mikono magotini. Jumamosi asubuhi, mtu yule yule ungemkuta uwanjani kwenye vita vya mafahali, gambuti miguuni, ngoma za isukuti zikilia, akiwapigia kelele wenye fahali mzembe. Nilipomkuta huko mara ya kwanza niliona haya kwa niaba yake. Yeye hakuona.

"Akina mama nawapatanga kliniki," aliniambia. "Akina baba wanapatikana huku. Sasa ungetaka niwatafutie wapi, mwalimu?"

Kweli alikuwa kazini. Alimfuata baba mmoja ambaye fahali wake alikuwa ametoka kushinda, watu wamembeba juu, uso umejaa vumbi na furaha. Akamvuta suruali.

"Huyu ng'ombe amekula vizuri."

"Sana, Mwalimu! Namlisha mwenyewe!"

"Na yule kijana wako amekula nini? Wiki mzima simuoni shule."

Baba alishushwa chini na waliombeba, kwa sababu hata wao walitaka kusikia jibu. Jumatatu kijana alirudi darasani.

Nisipokueleza shida ya shule yetu hutaelewa kwa nini alihangaika hivyo. Ilikuwa shule ya umma ya mabati, imekaa kwenye mteremko unaoshuka mtoni, na kuku wa majirani waliingia madarasani watakavyo. Watu wakaiita shule ya kuku. Madam alipoambiwa alijibu kwamba ingokho, yaani kuku, haendi mahali pasipo na chakula. Lakini jina lilishika. Kando ya barabara ya lami palikuwa na akademi ya mtu binafsi yenye basi la manjano, na kila matokeo ya mtihani yalipotoka, akademi ilitundika bango kubwa njia panda lenye sura za watoto walioongoza. Sisi hatukuwa na sura za kutundika. Mzazi aliyepata chochote kidogo alimhamisha mtoto, na aliyebaki kwetu alikuwa ama hana, ama ameapishwa tumboni.

Na hapa niseme jambo ambalo yeye hakupenda lisemwe. Mjukuu wake mwenyewe alisoma akademi. Binti yake alimpeleka huko bila kumuuliza. Basi la manjano lilipita mbele ya lango letu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mara kadhaa nilimwona Madam amesimama na mwavuli wake, anapunga mkono, na mkono mdogo unajibu dirishani. Siku niliyothubutu kumuuliza alinitazama, akasema, "Hata mchungaji huwa na mtoto mlevi, mwalimu," kisha hakunisemesha mpaka wakati wa uji.

Alidai hajali matokeo ya mtihani. "Hiyo ni mambo ya watu wa mabango," alisema. Lakini siku ya matokeo hakula, na mara mbili alinituma kwa Mwalimu Mkuu nikaulize kama yametoka, kisha akajifanya hakunituma. Wastani wetu ulipokuja chini alikaa chumbani mwake akichonga penseli zote za watoto kwa wembe mpaka zikabaki vipande. Niliwahi kumwambia kwamba si kosa lake, watoto wa Gredi ya Sita si wake. Akasema wote ni wake. Na ilikuwa kweli.

Lakini furaha alijua kuitengeneza. Kwetu, mtoto akiongoza mtihani hubebwa juu, watu hukata matawi, isukuti hupigwa mpaka kwao. Madam alisema ni dhambi kungoja miaka yote hiyo kufurahi. Akaanzisha lake. Siku mtoto wa Gredi ya Kwanza aliposoma ukurasa mzima bila kusaidiwa, masomo ya mwisho yalivunjwa. Darasa lote lilikata matawi kwenye ua, likampanga msomaji mbele, likamsindikiza mpaka nyumbani likiimba kwa ile noti isiyo juu wala chini. Wakifika uani, mzazi alitolewa nje, na mtoto alitakiwa asome kitu chochote kilichoandikwa katika boma lile. Si kitabu cha shule. Kitu cha kwao. Mmoja alisoma redio, mwingine kalenda ya kanisa, mwingine programu ya mazishi ya babu yake, na bibi yake akalia machozi ya namna mbili.

Nilikuwepo siku ya Mmbone. Aliishi na nyanyake, mama mkali asiyetaka mambo ya shule. Tulifika tukiimba, nyanya akatoka na mwiko mkononi, akiwa anasonga obusuma, ugali wa kwetu. Mmbone alizunguka uani akitafuta maandishi, hakuna. Mwishowe aliona gunia la mbolea pembeni mwa jiko, ndani limejaa unga. Akapiga magoti. Akafuata maandishi kwa kidole, silabi kwa silabi, "Gu-ni-a hi-li li-si-tu-mi-ke ku-we-ka cha-ku-la."

Nyanya alimtazama mjukuu, akatazama gunia, akatazama mwiko.

"Sasa hii kusoma yenu," akasema, "ndio inatuletea njaa?"

Madam alicheka mpaka akaketi chini na gambuti zake. Nyanya naye akashindwa kujizuia. Kesho yake alikuja shuleni na sufuria ya maharagwe, na unga, nilisikia, ulikwenda kwa nguruwe wa jirani. Tangu siku hiyo bibi yule alikuwa mtetezi wetu mkubwa sokoni, ingawa aliendelea kusema anatudai gunia moja la mahindi.

Kisha ikaja barua. Ofisi ya elimu ilisema shule zenye watoto wachache zitaunganishwa na jirani zao, na yetu ilikuwa kwenye orodha. Jirani yetu ilikuwa shule ya ng'ambo ya mto. Mto ule una daraja la magogo mawili, na mvua ikinyesha maji hupita juu ya magogo. Mwalimu Mkuu alitusomea barua ofisini, mtu mwema aliyechoka. Afisa angekuja baada ya wiki mbili kuhesabu vichwa.

Madam alisema maneno machache. "Wa Gredi ya Nne wataruka. Wa kwangu watakaa nyumbani." Akachukua mwavuli akatoka.

Sijawahi kumwona mtu akitembea vile. Kila jioni alikuwa katika boma la mtu. Aliwaambia wazazi afisa anakuja, walete watoto wote, hata mwenye homa aletwe aonekane. Watu walimsikia. Walimsikia kupita kiasi.

Siku yenyewe nilifika mapema nikakuta ua umefurika. Watoto walikuwa wengi kuliko wakati wowote tangu nianze kazi pale. Mwanzoni nilifurahi kama mjinga. Kisha nikaanza kuona. Kijana mmoja sweta yake ilikuwa imegeuzwa ndani nje, na kwenye shingo rangi ya akademi ilichungulia. Msichana mmoja aliniambia amefika jana kutoka Musanda na shangazi yake, na anarudi leo jioni. Wawili walikuwa wa Lumakanda, kwetu kabisa, wakanisalimia kwa jina la baba yangu. Na wengine walikuwa wadogo kiasi cha kushikwa mkono ili wasikae chini.

Nilimkimbilia mama wa mandazi langoni, kwa sababu mambo yote ya pale yalianzia kwake. Hakuficha.

"Mwalimu, kwani kwa matanga watu huazimanga viti kwa nini? Ni ndio mgeni asiseme hii boma ni ya watu wachache. Sisi tumeazima watoto." Akanipa andazi. "Na tumewapikia. Usijali."

Kila mtu alikuwa ameazima bila kumwambia mwenzake, kila mmoja akidhani ni yeye tu anayeisaidia shule. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni mwa ofisi, jasho linamtoka, na machoni nikaona ameshaamua kunyamaza. Simlaumu. Hata mimi nilikuwa nimeamua.

Afisa alikuja, mtu mwembamba, mpole, mwenye faili la kijani. Akawapanga watoto mistari akaanza kuhesabu, akimgusa kila mmoja kichwani kwa kalamu. Madam alikuwa kando yangu. Nilisikia pumzi yake ikibadilika. Wazee wa kwetu walikataza kuhesabu watoto hivyo, na ingawa hakuwahi kuniambia kama anaamini, kwa miaka yote sikumsikia akitaja idadi ya darasa lake. Ukimuuliza wamekuja wangapi, angekuambia, "Lihanda hayuko, na yule mdogo wa fundi baiskeli. Wengine wako." Jumla kwenye rejista yake nilikuwa naijaza mimi.

Afisa alimaliza, akatazama faili, akatabasamu. "Mwalimu Mkuu, shule yenu imejaa. Nani aliandika kwamba hakuna watoto?"

Mwalimu Mkuu akafungua mdomo. Madam akawahi.

"Afisa, mimi siwezi kukuambia ni wangapi. Lakini naweza kukuambia ni kina nani."

Akasonga mbele na kuanza kuita. Hakuwa na karatasi. Alianza na Gredi ya Kwanza, akapanda ya pili, ya tatu, mpaka wale wakubwa wenye sauti za kukwaruza. Jina la mtoto, la nyumbani, mara nyingine na la utani. "Shitanda, mwenye meno. Khasandi, njoo na ndugu yako. Mmbone." Kila aliyeitwa alitoka kwenye mstari akaenda kusimama nyuma yake. Ilichukua muda mrefu. Hakukosea hata mmoja, na hakuruka hata mmoja, na alipofika kwa msichana aliyekuwa hospitalini alisema, "Yuko Kakamega, wodi ya watoto, anarudi Ijumaa." Alipomaliza, upande wake walikuwa wale wale wachache tuliowajua. Upande wa pili walisimama wageni, wametulia, sweta ndani nje.

"Na hawa?" afisa akauliza.

"Hawa ni wageni. Wamekuja kutusalimia."

Mwalimu Mkuu akaketi kwenye ngazi. Mama wa mandazi akashika kichwa. Mimi nilikuwa na hasira na Madam, niseme ukweli, hasira ya kutaka kulia.

Afisa alifunga faili. "Mama, ungenyamaza tu ningeandika, niende zangu. Kwa nini umesema?"

"Ukihesabu mtoto wa wenyewe kama wako," Madam akasema, "jioni akienda kwao utasema amekufa."

Afisa aliwatazama wale watoto nyuma ya Madam, waliokuwa wamemshika sketi. Kisha akasema ataandika alichokiona, ukweli wote, kwamba watoto ni wachache. Na ataandika pia kwamba amekuta shule ambayo mwalimu mmoja anawajua wote kwa moyo, na kwamba anaomba ipewe mpaka Januari kabla ya kuamua. "Mpaka Januari tu," akarudia. "Sina zaidi."

Chakula kilikuwa kimepikwa, kikaliwa. Wenyeji na wageni walikaa pamoja kwenye nyasi, na afisa naye akapewa sahani, akala na mikono. Wa Lumakanda walikataa kuondoka mpaka waimbe wimbo wa alfabeti.

Habari ilienda Khayega kabla sahani hazijaoshwa, na ilienda kwa namna ambayo hatukuitarajia. Watu walicheka sana kuhusu watoto wa kuazima, wanacheka mpaka leo. Lakini akina mama walikuwa wakisimuliana jambo jingine, lile la majina. Januari, asubuhi ya kwanza, mama mmoja alisimama langoni na watoto wawili waliovaa rangi ya akademi.

"Huyu mkubwa alikuwanga mgonjwa wiki mbili," aliniambia, "na hakuna mtu aliuliza. Nyinyi mngeuliza."

Nyuma yake walikuwa wengine. Si umati, lakini foleni ilifika kwenye pipa la maji, na Madam aliisimamia yote kwa miguu, akiuliza kila mmoja jina lake na kuligeuza mdomoni mpaka likae. Afisa alirudi, akahesabu, na barua iliyofuata ilikuwa fupi. Shule inabaki. Mwalimu Mkuu aliisoma paredini, kisha akapiga ngoma mwenyewe, na siku hiyo ndipo tulipojua kwamba anajua kupiga isukuti. Watoto wakamzunguka Madam wakitaka kumbeba. Walijaribu mara tatu, wakashindwa kwa uzito wa gambuti, akawabeba yeye, wawili wawili.

Alistaafu miaka miwili iliyopita. Gredi ya Kwanza nilipewa mimi, na watu walicheka kuona mwanamume akifuta pua za watoto. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilikwenda kumtembelea kwake, akiwa uani anapukuchua mahindi. Aliniletea chai na viazi vitamu. Nilikuwa na habari na sikuweza kungoja.

"Madam, darasa limejaa! Tumeazima madawati ya Gredi ya Pili. Wengine wanakaa watatu watatu."

"Asante, Mungu," akasema, uso wote ukicheka. "Haya. Ni kina nani?"

Nikaanza. Nilijua atauliza, nilikuwa nimejiandaa kidogo. Nikaita safu ya dirishani, naye akapukuchua huku akitikisa kichwa, akisema, "Ee, huyo ni wa yule fundi," au "Mamake nilimfundisha, mwepesi wa kulia." Nikaita safu ya katikati. Nikaja ya mlangoni. Hapo nikakwama.

"Na yule... wa karibu kabisa na mlango. Mwenye sweta ya kijani. Babake ana pikipiki."

"Anaitwa nani?"

"Madam, ni wiki ya pili tu."

Aliweka bunzi chini. Akanyanyuka, akachukua kikombe changu kilichokuwa bado nusu, akaimwaga chai kwenye nyasi. Alikuwa akitabasamu, lakini aliimwaga.

"Nenda nyumbani, mwalimu," akasema. "Hii ingine utakunywa ukimjua."

Kesho yake nilifika kabla ya kengele. Yule mtoto alikuwa tayari amekaa peke yake kizingitini, mkoba magotini. Nikachuchumaa mbele yake, nikamuuliza jina.

"Ambani," akasema kwa sauti ndogo.

Nikalirudia mara mbili. Alinitazama vizuri usoni, kama mtu aliyekuwa na swali tangu siku ya kwanza.

"Na wewe?"

Wiki ya pili, na sikuwa nimemwambia. Nikamwambia. Akalijaribu jina langu polepole, akalipata, kisha akanyanyuka mbio kwenda kuwaambia wenzake waliokuwa wakiingia langoni.